Nasoma Biblia kila siku, mbona Mungu yuko mbali nami?

BARUA

Mama, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 38, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kazi yangu ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na soko la Majengo, vyerehani viwili na msichana mmoja wa kunisaidia. Nashona zaidi sare za kwaya na vitenge vya akina mama wa makanisani, kwa hiyo habari za Mungu nazisikia mchana kutwa, maana wateja wakija kupimwa huja na habari za ibada. Mume wangu anaendesha lori njia ya Singida hadi Kahama, siku nyingi hayupo nyumbani.

Nimezaliwa katika familia ya Kikristo, nikaokoka nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuacha kanisa. Lakini kuna kitu kimenipata moyoni na sijui nikiite nini.

Mwezi wa kwanza mwaka huu niliamua kuisoma Biblia yote ndani ya mwaka mmoja. Niliweka programu kwenye simu, kila asubuhi inaniletea sura za siku ile. Mwanzo niliisoma kwa raha, Kutoka pia. Nilipoingia Walawi nikaanza kusinzia. Nikaruka siku moja, zikawa tatu, ikawa wiki. Sasa kila nikifungua simu inaniambia nimebaki nyuma siku 61. Usiku watoto wakilala nakaa kulipa deni, nasoma sura saba au nane, macho yanapita juu ya maneno kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake. Nikimaliza, ukiniuliza nimesoma nini, sina jibu.

Maombi nayo hivyo hivyo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, napiga magoti kando ya kitanda, nasema yaleyale ya jana. Zamani nilikuwa naomba mpaka machozi ya furaha yananitoka. Sasa ni kama naongea na ukuta. Nimefunga siku tatu, nimekesha mikesha ya Ijumaa, zaka sikosi. Mwenzangu mmoja katika kikundi cha maombi aliniambia nina kifungo cha ukoo, nitafute mtumishi anifungue, na kuna mafuta ya kununua. Mwingine akasema labda sikuwahi kuokoka kabisa. Hilo la pili limeninyima usingizi.

Kinachoniuma zaidi ni nikimkumbuka mama yangu. Alikuwa mkulima wa uwele na karanga kule Mvumi, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini yule mama alimjua Mungu. Jioni baada ya kula alikuwa anaitoa Biblia kwenye kitambaa chake, dada yangu mkubwa anasoma, mimi nashika kibatari kwa kuwa nilikuwa mdogo. Mama alirudia maneno ya mwisho ya kila mstari, taratibu, kama anayeonja chumvi. Kesho yake shambani unamsikia anayasema yaleyale, jembe mkononi. Amefariki miaka miwili iliyopita. Ile Biblia ningeipata labda ningesoma vizuri zaidi, lakini iko kwa dada, yeye anafanya biashara ya mahindi Kibaigwa, na tangu msibani hatuongei kwa sababu ya kiwanja cha baba cha Nzuguni, na mimi siku ile nilisema maneno mbele ya watu, basi yakaishia hapo.

Swali langu, Mama, ni hili: nifuate mpango gani wa kusoma ili nirudi karibu na Mungu? Je, kuna tafsiri nyepesi kuliko hii ya zamani ninayoitumia? Na nitajuaje kama bado ananisikia?

Ni mimi mwanao,
Fundi wa Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asifiwe milele, amina.

Nianze na lile lililokunyima usingizi, ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Wewe umekulia Mvumi. Unajua mwezi wa kumi korongo likikauka watu wanavyochimba maji kwenye mchanga, mtu ameinama ndani ya shimo, kata mkononi, anachota tope kwanza. Hakuna anayechimba pale ambaye haamini kwamba chini kuna maji. Aliyekuambia hukuwahi kuokoka hakukutazama vizuri. Mtu asiyemjua Mungu haumizwi na umbali wake, na wewe unaamka saa kumi na moja kuchimba.

Tena hauko peke yako katika shimo hilo. Zaburi ya 42 inasema nafsi inamwonea Mungu shauku kama ayala aioneavyo mito ya maji, na mwenye kusema hayo anakiri kwamba machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Zaburi hiyo ni ya wana wa Kora, akapewa mwimbishaji ili iimbwe mbele ya watu wote. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne: "Hata lini utanificha uso wako?" Kilio hicho kimo ndani ya Biblia yenyewe, kimewekwa humo kama sala. Basi kesho alfajiri usimwambie Mungu maneno ya jana. Mwambie hilo ulilonieleza mimi, la ukuta. Baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko 9 alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumrudisha nyumbani akajipange kwanza. Alimponya mtoto wake.

Kuhusu mafuta ya kununua, usitoe hata shilingi. Soma Matendo sura ya 8 uone Petro alivyomjibu Simoni aliyetaka kupata kipawa cha Mungu kwa fedha. Sitaongeza neno hapo.

Sasa huo mpango wa kusoma. Biblia yako ina sura 1,189. Ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kitu kwa siku, na wapo watu wanaozisoma hivyo na kubarikiwa. Lakini kwako wewe Neno limegeuka marejesho ya mkopo, na simu imekuwa afisa mikopo anayebisha hodi kila asubuhi. Mungu hana daftari la siku 61, mwanangu. Hata hizo sura zenyewe ziliwekwa na wanadamu, karne ya 13, ili watu wapate mahali kwa urahisi, na namba za mistari ya Agano Jipya zikafuata mwaka 1551. Paulo aliandika barua, mtu akasimama akawasomea ndugu, wao wakasikiliza. Ifute hiyo programu leo, kabla hujalala, na usiku huo lala kweli. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, chini ya mretemu kule jangwani, malaika hakumletea sura za kusoma. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mama wa watoto watatu ambaye mume yuko barabarani na mashine inamsubiri Majengo anahitaji mkate huo na usingizi huo.

Umeniuliza ufuate mpango gani, na mpango umeshauandika mwenyewe bila kujua. Zaburi ya kwanza inasema heri mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu amenyamaza, ameshika tama. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni la mdomo. Ni kunong'ona, kuguna, kusema chini chini. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, sura ya 31, na kwa njiwa anavyoomboleza, sura ya 38. Kwa hiyo yule mama wa Mvumi asiyejua herufi, anayerudia mwisho wa mstari kwenye mwanga wa kibatari na kesho yake anautembeza shambani pamoja na jembe, ndiye mtu wa Zaburi ya kwanza. Alikuwa akifanya kile ambacho neno lenyewe linasema, na hakufundishwa na mtu.

Fanya hivyo. Chukua Marko, ndiyo Injili fupi kuliko zote, sura 16. Asubuhi soma habari moja tu, si sura: mwenye ukoma, basi, binti Yairo, basi. Isome kwa sauti, hata kama ni ya chini. Likikukamata neno moja, liandike kwenye kipande cha ile karatasi unayokatia vipimo, ulibandike kwa pini mbele yako. Cherehani ina mwendo wake, mguu ukikanyaga mdomo unaweza kufuata. Mteja akija, msikilize mteja. Akiondoka, rudi kwenye neno lako. Siku ukikosa, hujakosa deni la mtu, kesho utaendelea pale ulipoachia. Na jioni wape watoto wasome wao. Anayejua kusoma asome, mdogo ashike simu imulike. Tafsiri ya Habari Njema ina Kiswahili cha kawaida zaidi kuliko ile ya Union ya 1952, na watoto wataifuata vizuri. Zaburi lakini zisome katika ile ya zamani, maana ndiyo iliyo masikioni mwako tangu utoto, kwa sauti ya dada yako.

Nami hapo ndipo nataka kukaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mpango wa kusoma umenieleza kwa kirefu, na mikesha, na ukuta. Dada yako umempitia mbio, katika sentensi moja iliyoanza na Biblia ikaishia "basi yakaishia hapo". Nimesoma barua za watu kwa miaka mingi, na nimejifunza kusimama pale mwenye barua anapokimbia. Mwanangu, hayakuishia hapo. Siku ile ulizika watu wawili, na mmoja wao bado anapumua Kibaigwa. Tangu hapo hujamlilia mama vizuri, kwa sababu mtu pekee wa kumlilia naye, aliyeketi kwenye mwanga uleule wa kibatari, ndiye usiyeongea naye.

Usinielewe vibaya. Sisemi Mungu amekufungia mlango kama adhabu. Nasema unamtafuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umekunja ngumi.

Yesu alilisema hili katika Mathayo 5. Ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Wengi tunausoma mstari huu kama habari ya dakika kumi. Lakini aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100, mwendo wa siku tatu au zaidi kwa miguu. Ni kama mtu wa Manyoni ametembea mpaka Dodoma mjini na mbuzi wake kwenye kamba, amefika, zamu yake imekaribia, ndipo anakumbuka. Na Bwana anamwambia amfunge mbuzi hapo, arudi Manyoni kwanza. Wale waliomsikiliza waliijua hiyo safari kwa miguu yao. Walijua anachowatuma ni kitu gani.

Tazama tena: hakusema kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Alisema kama ndugu yako ana neno juu yako. Nani mwenye haki ya kiwanja hakuguswa pale. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulisema maneno mbele ya watu. Hukunitajia ni maneno gani, na usinitajie. Dada yako anayajua.

Mimi nilikaa miaka minne bila kuongea na wifi yangu. Tuliimba kwaya moja, sauti moja, yeye mwisho wa mstari huu, mimi mwisho wa ule. Siku za Meza ya Bwana nilikuwa nahesabu vichwa kwenye foleni ili nisije nikapiga magoti karibu naye. Nilikuwa nafundisha watoto shule ya Jumapili wakati huo, nawafundisha "utusamehe deni zetu". Siku nilipokwenda kwake alikuwa anachambua mchicha uani. Nilisema lile nililokwenda kusema. Hakunijibu. Aliendelea na mchicha, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa, nikachukua fungu la mchicha. Tulimaliza beseni lote hatujaongea. Ile sala niliyoisali njiani nikirudi nyumbani, ndani ya daladala, macho wazi, sijaisahau mpaka leo.

Kwa hiyo wiki hii nataka usome sehemu moja tu kabla ya kuanza Marko, nayo ni Mwanzo 32 na 33. Uliipita mwezi wa kwanza, lakini uipite sasa kwa mdomo. Ni habari ya ndugu wawili na urithi. Yakobo alimdanganya baba yao kipofu, akavaa ngozi za mbuzi mikononi, akachukua baraka ya Esau. Akakimbia. Akakaa kwa Labani miaka 20. Sasa anarudi, na anaambiwa kaka yake anakuja kumlaki na watu 400. Anatanguliza zawadi: mbuzi wake 200 na mabeberu 20, kisha kondoo, ngamia, ng'ombe, punda. Mgogo yeyote akifika hapo anaisoma hesabu hiyo mara mbili, na anaelewa huyu mtu anaogopa kiasi gani. Usiku anabaki peke yake penye kivuko cha Yaboki, na mtu anashindana naye mweleka hadi alfajiri. Anatoka pale anachechemea, na mahali pale anapaita Penieli, yaani uso wa Mungu, kwa kuwa ameonana na Mungu uso kwa uso.

Kulipokucha, mbele yake ni Esau. Yakobo anainama mpaka nchi mara saba. Esau anakimbia, anamkumbatia, anamwangukia shingoni, wanalia wote wawili. Na Yakobo, aliyetoka kuonana na Mungu usiku uleule, anamwambia kaka yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Isome sura ya 33, mstari wa 10. Wewe umeniuliza uso wa Mungu umejificha wapi. Mimi nimeusoma mstari huo zaidi ya miaka thelathini, na bado ukinifikia nasimama.

Isome mpaka mwisho, kwa sababu Biblia haitudanganyi kuhusu ndugu. Esau alitaka wafuatane mpaka Seiri. Yakobo akasema atakuja polepole nyuma na watoto na mifugo, kisha akaenda Sukothi, akajenga huko. Walipatana, na hawakukaa boma moja. Hakuna anayekudai uwe unalala Kibaigwa kila mwisho wa wiki.

Kiwanja nacho kina njia yake, na nakuomba usikichanganye na safari hii. Naelewa ukubwa wake. Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yatakuwa Dodoma, na hasa tangu ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mashamba ambayo baba zetu walilima mtama yamepimwa yakawa mali, na nimeona msiba baada ya msiba watoto wa tumbo moja wakitoka makaburini kwa njia mbili. Kama mirathi ya baba haijafunguliwa, wanafamilia wakae, wampendekeze msimamizi, mahakama imteue, ndipo mali igawanywe kwa utaratibu. Mkibaki na mgogoro wa ardhi, baraza la kata lipo kwa usuluhishi, na juu yake lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kudai haki yako huko si dhambi. Ila kumbuka kuna mtu mmoja katika Luka 12 alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, na Yesu akakataa kuwa mgawanyaji wao, akawaonya waliokuwapo wajilinde na choyo. Kazi hiyo hakuitaka. Hii nyingine, ya kwenda kwa ndugu, ndiyo aliyokutuma.

Nenda Jumapili mchana, baada ya ibada, siku ambayo hana magunia ya kupima. Mtumie ujumbe Jumamosi kwamba unakuja, asije akadhani umeleta mashauri. Mabasi ya Kibaigwa utayapata stendi kuu ya Nzuguni, na najua maana yake: itabidi upite jirani na kiwanja chenyewe. Pita. Sema Baba Yetu mpaka basi litoke mjini. Mbuzi 200 huna, chukua unga wa uwele na mlenda mkavu, vile vya mama. Mlangoni sema "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, kama mlivyofundishwa, na yeye ndiye mkubwa, basi uanze wewe.

Ukiketi, usiseme "kama nilikukosea". Taja neno lenyewe ulilolisema, kwa jina lake, useme lilikuwa baya, kisha unyamaze. Usieleze ulikuwa na uchungu kiasi gani. Usitaje Nzuguni siku hiyo, hata yeye akiitaja mwambie utakuja siku nyingine kwa hilo. Na kwa kuwa maneno yale yalisikiwa na watu, tafuta mjomba au shangazi mmoja aliyekuwepo msibani, na kikao cha ukoo kikija uyafute mbele ya walewale. Aibu uliyompa hadharani haiwezi kuondoka kwa kunong'ona ndani.

Anaweza asifungue mlango. Warumi 12:18 inasema, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako ni kufika. Ukirudi na unga wako mkononi, bado sadaka yako itakuwa pale madhabahuni inakungoja, na safari hii utaishika kwa mikono yote miwili. Nenda tena Krismasi.

Lakini akikukaribisha, na mkala, na giza likaanza kuingia, usimwombe akupe ile Biblia ya mama. Mwombe aitoe kwenye kitambaa akusomee Zaburi ya 121: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Asome yeye, kama zamani. Wewe kaa pale ulipokuwa unakaa, na mwisho wa kila mstari urudie ile sehemu ya mama.

Jumapili hiyo nitakuwa nakutaja kwa Bwana kuanzia saa nane mchana.